Meja Houlihan wa M*A*S*H: alikua, au waandishi walimbadilisha tu?

Mtazamaji wa Sinza:
Ndugu wapenzi wa tamthilia, salaam. Nimemaliza kuitazama M*A*S*H, tamthilia ya vichekesho kuhusu hospitali ya jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Korea, iliyorushwa kuanzia 1972 hadi 1983 kwa misimu 11. Kinachonishughulisha ni Meja Margaret Houlihan, mkuu wa wauguzi. Mwanzoni ni mhusika bapa kabisa, yaani wa upande mmoja tu: anahubiri kanuni, anawashitaki wenzake kwa majenerali anaofahamiana nao, na anachekwa kwa mapenzi yake ya siri na Daktari Frank Burns, ambaye ni mume wa mtu. Mwishoni ni mtu ambaye ungemkabidhi mgonjwa wako bila wasiwasi. Je, badiliko hilo limejengwa, au waandishi waliamua tu siku moja kumfanya mwema?

Muuguzi wa Temeke:
Kaka, mimi nimewahi kuwa matroni, kwa hiyo naomba uniruhusu nieleze kidogo. Itazame tena sehemu iitwayo "The Nurses" ya mwaka 1976. Margaret amempa muuguzi mmoja adhabu ya kutotoka hemani, wenzake wanamchukia kwa hilo, na mambo yanapofika kileleni anawauliza ni lini hata mmoja wao aliwahi kumkaribisha kikombe cha kahawa. Ukali wake haukuondolewa hapo. Tulichopewa ni kuona unamgharimu nini. Anayepanga zamu, anayekataa ruhusa na kumkemea mtu mbele ya wagonjwa, mara nyingi ndiye anayekula chakula chake peke yake, na sijaona tamthilia nyingi zilizolitambua jambo hilo kwa heshima namna ile. Loretta Swit aliyeigiza nafasi hiyo alipata tuzo ya Emmy, ya televisheni ya Marekani, mwaka 1980 na tena 1982, na kwangu alistahili zote mbili.

Mwandishi wa michezo ya redio, Kinondoni:
Nakubaliana na dada, ila nadhani mlango ulifunguliwa na kuvunjika kwa uhusiano wake na Frank. Maadamu Margaret alimpenda mtu mwoga na mpumbavu kiasi kile, ilibidi naye awe na upofu fulani, la sivyo mapenzi yenyewe yasingeaminika. Alipochumbiwa na Donald Penobscott, afisa wa jeshi ambaye baadaye alimwoa, kicheko chote kilimwangukia Frank, na baada ya msimu wa 5 Frank akaondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Charles Winchester, mwenye majivuno lakini daktari hodari kweli. Kisha katika "Comrades in Arms" ya 1977 Margaret anapata barua ya mumewe iliyokusudiwa mwanamke mwingine, akiwa amekwama na Hawkeye, daktari mpasuaji ambaye ndiye mhusika mkuu, huku mizinga ikilia. Hapo ndipo anapokuwa mhusika duara, mwenye pande nyingi kama mtu halisi. Hata hivyo kuna kilichopotea: misimu ya mwisho watu wote kambini wamekuwa waungwana mno, na mgongano uliozaa vichekesho umepungua.

Mtazamaji wa Sinza:
Nashukuru sana. Hoja ya Frank sikuwa nimeifikiria hata kidogo.

Muuguzi wa Temeke:
Ndugu yangu wa Kinondoni, kuhusu Margaret hilo la uungwana silikubali, kwa sababu hadi msimu wa 11 bado anafoka, bado anadai kazi ifanywe ipasavyo, na bado hapendi uzembe. Kilichobadilika ni kwamba hajifichi tena nyuma ya wakubwa. Katika sehemu ya mwisho, Februari 1983, baba yake, kanali mstaafu, anatumia jina lake kumtafutia kituo kingine cha jeshi, lakini Margaret anaamua kurudi Marekani kufanya kazi hospitalini. Yule Margaret wa 1972, aliyekimbilia majenerali kila alipokwaruzana na Hawkeye, asingeukataa msaada wa namna hiyo.