Sola kwenye kanisa la zamani la mawe: paneli zikae wapi, fedha zitoke wapi?

MhaziniUsharika
Wakuu, heshima kwenu. Usharika wetu uko milima ya Usambara, kanisa ni la mawe la enzi za Wajerumani. Paa ni la mabati juu ya kenchi za zamani, mwinuko mkali kama nyuzi 45, upande mmoja unatazama kaskazini na mwingine kusini. Mnara wa kengele uko magharibi. Ukumbi wa usharika uko mita 40 hivi kutoka kanisani, paa lake ni la chini. Umeme wa TANESCO upo ila unakatika. Matumizi ya Jumapili ni vipaza sauti, taa, kinanda na projekta, na katikati ya wiki kuna mazoezi ya kwaya jioni. Baraza la wazee linataka paneli juu ya kanisa. Naomba ushauri wa ukubwa wa mfumo, jinsi ya kufunga bila kuharibu jengo, na namna ya kuchangisha.

FundiMwanga
Shikamoo mhazini. Tuanze na hesabu. Taa 30 za LED za wati 12 ni wati 360. Amplifaya na miksa, wastani wati 400 (kilele ni zaidi ya hapo). Projekta 300, kinanda 40. Jumla wati 1,100, mara saa 5 za ibada ni uniti 5.5. Paneli 4 za wati 550, kwa saa 4 za jua kamili maana huko kuna ukungu, ukitoa robo ya upotevu, zinakupa uniti 6.6 kwa siku. Betri moja ya lithiamu ya uniti 5 inatosha, kwa sababu mchana wa Jumapili mzigo mwingi unabebwa na jua lenyewe. Inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kawaida wa 230 V) iwe ya 5 kW kwa ajili ya vilele vya sauti, na iwe ya wimbi safi (pure sine wave). Zile za bei ya kutupa zenye wimbi la ngazi zitakuletea mngurumo kwenye spika, na hakuna fundi wa sauti atakayeuondoa.

Sasa paa. Usambara mko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni saa sita mchana jua liko upande wa kaskazini, nyuzi 28 kutoka utosini. Kwa mwinuko wa 45, upande wa kusini utapata chini ya theluthi moja ya mionzi ya moja kwa moja. Desemba mambo yanageuka: kaskazini inashuka chini ya nusu na kusini inapata karibu asilimia 90. Kwa hiyo paa la kanisa, kwa uzuri wake wote, ni paa baya la sola. Mkilazimisha, fungeni 2 kaskazini na 2 kusini, kila jozi kwa mfululizo, halafu jozi mbili ziungwe sambamba. Msiunge zote 4 mfululizo. Jozi yenye jua dogo itaizuia nyingine, tena 4 mfululizo zinafika volti 200 na zaidi asubuhi ya baridi, na ziko inveta ambazo kikomo chake ni volti 145. Hiyo inaungua siku ya kwanza.

Ushauri wangu: wekeni juu ya ukumbi.

Mkaguzi_Majengo
Naunga mkono ukumbi, kwa sababu nyingine. Paneli ya wati 550 ina kilo 28 hivi, ukiongeza reli ni kama kilo 14 kwa mita ya mraba. Uzito huo kenchi isiyooza inaubeba. Kinachong'oa ni upepo ukiingia chini ya paneli, na hapo zinavutwa zile mbao za zamani na misumari yake. Pandeni darini na bisibisi, mchome kila mbao pale inapokutana na ukuta. Ikizama kirahisi, mchwa au unyevu umeshafika, na sola isubiri matengenezo ya paa. Skrubu zipite kwenye mgongo wa bati hadi kwenye mbao, zisipite bondeni ambako maji hutiririka, na mpira wa washa uwe mpya.

Ukutani, msitoboe jiwe. Toboeni kwenye kiungo cha chokaa, na kuziba iwe kwa chokaa. Saruji ni ngumu kuliko chokaa, inafungia unyevu ndani, na baada ya misimu michache uso wa jiwe unaweza kumenyuka kama ganda.

Kuhusu sheria: ile ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, ya baadaye hulindwa yakitangazwa kwenye Gazeti la Serikali. La kwenu ni la baadaye, lakini ulizeni Idara ya Mambo ya Kale na dayosisi kwa maandishi kabla ya kununua hata boliti.

FundiMwanga
Nyongeza ya waya. Msivute DC (umeme unaotoka kwenye paneli kabla ya inveta) kutoka ukumbini. Ampea 22 kwa volti 100, mita 40, waya wa milimita za mraba 6, mnapoteza kama asilimia 5. Inveta na betri vikae ukumbini, kanisani ije 230 V kwa kebo ya kivita (yenye ganda la chuma) ya milimita za mraba 4, ndani ya bomba, kina cha sentimita 60. Kwa mzigo wenu wa wati 1,100 upotevu haufiki asilimia 1, na hakuna waya unaoning'inia mbele ya mnara. Na kwa sababu mnara huo unaweza kupigwa na radi, wekeni SPD (kifaa cha kukinga vifaa dhidi ya mruko wa volti) pande zote mbili, DC na AC (umeme unaotoka kwenye inveta). Ethi zote ziungwe pamoja.

Mtanzania_Leeds
Huku Uingereza makanisa ya zamani yameshafunga. Kanisa kuu la Gloucester walifunga paneli 150 mwaka 2016. Kanisa la King's College, Cambridge, lina paneli 438, zilizofungwa wakati madini ya risasi yanayoezeka paa yalipokuwa yanabadilishwa, yaani jukwaa la mafundi lililipiwa mara moja. Paa lenu la mabati likihitaji kubadilishwa, huo ndio wakati. Tofauti ni kwamba mapaa yale kwa sehemu kubwa yamejificha nyuma ya kuta za ukingo. Lenu linaonekana barabara nzima.

Mweka_Hesabu
Fedha. Msiwaambie washarika kwamba sola itajilipa kwa kuokoa LUKU (umeme wa kulipia kabla). Mkitumia uniti 80 kwa mwezi kwa takriban shilingi 356 kila moja, ni kama 28,500, yaani 342,000 kwa mwaka. Mfumo huu ni wa mamilioni. Sababu halisi ni petroli ya jenereta na ibada isiyokatika, pamoja na kazi za wiki nzima kama chekechea na ofisi. Bila mzigo wa Jumatatu hadi Jumamosi, jua linapotea bure.

Kwenye changizo, kila mtaa utagombania kununua paneli, hakuna atakayetaka kununua breka, ethi na kebo. Anzeni na hivyo kwenye orodha. Washirika wa nje mara nyingi hutoa fedha za vifaa, si za kubadilisha inveta baada ya miaka 10, kwa hiyo akaunti ya akiba ifunguliwe siku hiyohiyo na kiasi cha mwezi kiandikwe kwenye bajeti. Zuieni asilimia 10 ya malipo ya mkandarasi hadi masika ya kwanza yapite. Bati likivuja, mnayo ya kumrudisha.

MhaziniUsharika
Asanteni sana. Wazee watauliza kama paneli za ukumbini zitaibwa kirahisi kuliko za kanisani.

Mkaguzi_Majengo
Zitaibwa kirahisi zaidi, ndiyo, paa ni la chini. Tumieni nati za kuvunjika kichwa zikikazwa, chongeni jina la usharika kwenye fremu, na taa ya kihisi iwashe upande wa nyuma. Namba za paneli ziandikeni kwenye daftari la mali kabla hazijapanda juu.