Neti ya ukungu au tangi la maji ya paa: kipi kitaokoa miche Kabale?

Mpanda Kabichi: Habari zenu wakuu. Niko Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, nina kitalu cha miche ya kabichi. Juni na Julai mvua hukata, lakini asubuhi ukungu unatanda hadi nyumba ya jirani huioni. Nitundike neti za kuvuna ukungu au ninunue tangi?

Fundi Gata: Tangi, wala usijiulize. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita 40 za mraba, ikinyesha milimita 20, unakinga karibu lita 700 hata ukitoa zinazopotea. Ukungu ni mvuke tu!

Dada Mtafiti: Si mvuke, Fundi, ni matone madogo sana. Chungungo kule Chile, miaka ya 1990, neti kama 100 zilileta wastani wa lita 15,000 kwa siku. Ila kule ukungu wa bahari unasukumwa mlimani na upepo. Neti haivuti kitu. Upepo ndio unaopitisha matone kwenye nyuzi, yananasa, yanaungana, yanachuruzika hadi kwenye gata, yaani mfereji wa kukinga maji. Mpanda, ukungu wako uko bondeni au kileleni?

Mpanda Kabichi: Bondeni. Umetulia tuli, jua likipanda kidogo haupo.

Dada Mtafiti: Basi neti italowa tu.

Wa Muhabura: Msimkatishe tamaa. Huku Kisoro mawe ya volkano yanameza maji yote, vijito vya kuhesabu, na mawingu yanapita mgongoni mwa mlima Muhabura kila siku. Mtu wa juu ajaribu.

Dada Mtafiti: Ajaribu kwa kupima kwanza. Fremu ya mita 1 kwa 1, neti ya kivuli tabaka mbili, ukingo wa chini uwe mita 2 kutoka ardhini, uso uelekee upepo. Chini gata na jerikani. Pembeni weka kipimo cha mvua, la sivyo utasifia ukungu kwa maji ya mvua. Shule yenye kilima ingefanya hivyo mwaka mzima, tukapata takwimu zetu.

Fundi Gata: Mpanda, kitalu kinakunywa kiasi gani?

Mpanda Kabichi: Jerikani 2 kwa siku.

Fundi Gata: Lita 40 mara siku 60 ni 2,400. Chukua tangi la 3,000, ulijaze Mei kabla mvua haijakata. Na gata ziwe pande zote mbili za paa, wengi wanafunga upande mmoja kisha wanalaumu mvua.