Amemaliza gredi ya 3, sasa nimpe nini apige?

MamaNoti (Morogoro)

Habari zenu wana piano. Nafundisha nyumbani, wanafunzi saba. Wanaoanza hawanisumbui. Kichwa kinaniuma kwa wawili waliokwishatoka kwenye vitabu vya mwanzo lakini bado hawajafika popote.

Wa kwanza ni binti wa miaka 13, amefanya mtihani wa gredi ya 3 na kufaulu vizuri. Tatizo ni kwamba mwaka mzima alipiga vipande vitatu tu, vile vya mtihani. Nikimwekea karatasi mpya anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuata herufi kwa kidole.

Wa pili ni kijana wa miaka 24, mpiga kinanda wa kwaya. Sikio lake linanishinda hata mimi: wimbo ukiwapanda wanakwaya anaushusha nusu sauti hapo hapo, hakuna anayeshtuka. Ila mkono wa kushoto unajua kushika kodi tu (noti kadhaa zinazogongwa pamoja), na noti anasoma kwa kubahatisha. Nyumbani ana kinanda cha funguo 61.

Wote wawili wananililia Für Elise ya Beethoven. Mimi nina vitabu vya mazoezi ya vidole, Hanon na Czerny opus 299 (opus ni namba ya kazi ya mtunzi), nilivyoachiwa na mwalimu wangu, basi. Nifanyeje?

Mzee wa Pedali (Tanga)

Salaam, Mama Noti. Hiyo Czerny 299 ifungie kabatini kwanza. Si mbaya, lakini ni ya mtu anayetafuta kasi, na hao wako bado wanatafuta njia. Nilishampa mwanafunzi mmoja mapema mno, akaniaga kwa adabu akaenda kujifunza gitaa. Sikumlaumu.

Für Elise nayo naijua mitego yake. Ukurasa wa kwanza kila mtu anaupiga, hata fundi aliyekuja kunitengenezea feni aliupiga kwa kidole kimoja. Halafu zinakuja zile noti za mbio, na baadaye ile sehemu ambayo kushoto kunagonga A, A, A, A kama mwenye nyumba aliyefuata kodi yake. Hapo wanakwama, wanarudi mwanzo, na mwanzo unapigwa mpaka unachuja. Siku hizi anayeitaka namwambia sawa, tunaanzia hiyo sehemu ya A. Ukurasa wa kwanza atapewa mwishoni kama zawadi. Nusu yao wanaghairi wenyewe.

Sasa dawa. Tafuta Burgmüller opus 100, mazoezi 25. Hakimiliki ilishakwisha, unayapakua bure IMSLP, maktaba ya noti ya mtandaoni, na kuyachapisha. Yanaitwa mazoezi lakini kila moja ni wimbo wenye jina, na kila moja lina tatizo moja tu. Hilo ndilo ninaloangalia nikichagua: kipande kiwe na ugumu mmoja, si minne. Namba 2, Arabesque, kulia kunakimbia noti chache chache huku kushoto kukisindikiza, kisha kushoto nako kunapewa zamu ya kukimbia. Mpe binti.

Kijana mpe namba 15, Ballade, na usiogope zile flati tatu (alama za kushusha noti nusu sauti), huyo flati amezizoea. Humo mkono wa kulia unagonga kodi fupi fupi kwa sauti ndogo, na wimbo uko kushoto. Mweleze kwa lugha ya kwaya: sauti ya nne ndiyo inaimba, hao wengine wote wanaitikia. Kwa miaka yote mkono wake wa kushoto umekuwa mlinzi wa mlangoni. Hapa unaingizwa ukumbini na kupewa kipaza sauti.

Binti ninamwonea huruma zaidi. Vipande vitatu kwa mwaka ni njaa! Mimi nakwenda hivi: kwa kipande kimoja kigumu, vyepesi vitano. Vyepesi kweli, vya gredi ya 1 na ya 2, wiki moja kila kimoja, kikimalizika kimekwenda. Albamu ya vijana ya Schumann, opus 68, ina vipande 43, aliianza mwaka 1848 kwa ajili ya binti yake mkubwa. Namba 10, ule wa mkulima anayerudi kazini kwa furaha, wimbo uko kushoto pia. Akitaka kitu chenye pilipili, Kabalevsky opus 27. Na kila siku asome mistari miwili asiyowahi kuiona, polepole, bila kusimama. Akikosea apite, asirudi kuokota.

Hanon usiitupe. Dakika tano, mbili kati ya zile za mwanzo. Ila zote zimeandikwa kwenye C, funguo nyeupe tupu, na vidole vikishazoea, kichwa kinalala. Namba 1 ipigeni kwenye D, kesho kwenye E-flati. Mtaona nani yuko macho.

Kii61 (Nairobi)

Naunga mkono, na niongeze kuhusu kinanda. Mama Noti, muulize kijana kama kinanda chake kinaitikia uzito wa kidole. Vingine vinaitikia lakini mtu amezima uwezo huo kwenye menyu, kwa hiyo ugonge usigonge sauti ni ile ile. Hiyo Ballade ataipigaje kulia kwa upole, kushoto kwa nguvu? Kama hakiitikii kabisa, mazoezi ya sauti yasubiri piano yako. Nyumbani afanye vidole na kusoma.

Kwa funguo 61 mimi hutumia sonatina za Clementi, opus 36. Zilitoka 1797, wakati piano nyingi zilikuwa na oktavo tano na ushee, karibu sawa na funguo 61, kwa hiyo mwanafunzi haishiwi na funguo kila mara. Namba 1 inatosha kuanzia.

Halafu, jameni, tusiishie Ulaya. Nketia wa Ghana alitunga vipande 12 vya piano vya kufundishia, vilichapishwa 1994. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anapigana na mbili kwa tatu kwenye kitabu cha mazoezi wiki nzima. Nikamwambia afunge kitabu, apige makofi matatu huku mguu ukikanyaga mara mbili, kama kwenye ngoma za kwao. Dakika moja tu.

Besi wa Zamani (Dodoma)

Mimi ndiye huyo kijana, miaka kumi iliyopita. Shikamoo Mzee, lakini Ballade kwa mtu asiyesoma noti ni kumtupa mtoni. Mimi niliokolewa na kitabu cha nyimbo cha kanisani chenye sauti nne. Mwalimu alinikataza kodi kabisa: kulia sauti ya kwanza, kushoto sauti ya nne, kama zilivyoandikwa, wimbo mmoja kwa wiki. Nilijiona mjinga kwa mwezi mzima, maana nyimbo nilikuwa nazijua na vidole vilitaka kukimbilia kodi. Tulipofika Bach, ile Invention ya kwanza kwenye C, sikushangaa kushoto kurudia kilichosemwa na kulia. Kwaya hufanya hivyo kila Jumapili.

Mzee wa Pedali (Tanga)

Marahaba. Nakubali, nyimbo za kanisani kwanza. Ila Ballade aonjeshwe hata mstari mmoja, asije akadhani piano ni adhabu.

MamaNoti (Morogoro)

Asanteni sana. Nimerudi na matokeo ya wiki tatu. Binti yuko kwenye Arabesque na anasoma Schumann kwa kununa, lakini anasoma.

Kijana nilimpa vyote viwili, nyimbo za kanisani na Ballade. Jana alikuwa kwenye Ballade, umeme ukakatika. Nikadhani atasimama. Akaendelea gizani hadi mwisho wa ukurasa, safi kabisa, kushoto kunaimba haswa. Nikafurahi kwa sekunde mbili, kisha nikagundua: hasomi! Ameshaikariri kwa sikio, karatasi ameiweka kunifurahisha mimi.

Mzee wa Pedali (Tanga)

Hahaha! Wiki ijayo mwanzishe mstari wa tatu, kushoto peke yake. Akitafuta mwanzo kichwani, rudini kwenye nyimbo.