Naomba ushauri: mtoto wa miaka 4, tonsesi na nyama za puani, pumzi inakata usingizini

Wakuu, heshima kwenu. Mtoto ana kilo 14. Anakoroma kila usiku, mbavu zinabonyea, pumzi inakata sekunde 10 hivi, kisha anashtuka akihema, shingo kaikunja nyuma. Tonsesi zinakaribia kugusana. Eksirei ya shingo kwa ubavu inaonyesha nyama za puani zimebana njia ya hewa. Usiku oksijeni ilishuka hadi asilimia 78.

Dawa ya kupuliza puani wiki 6 haijasaidia, kwa hiyo ni upasuaji. Usiku wa kwanza alazwe wodini au chumba cha uangalizi maalumu? Kwa maumivu baada ya upasuaji, kodeini (dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni) hapana kabisa, inaweza kuzima pumzi. Parasetamo miligramu 210 kila saa 6 itatosha, au tuongeze ibuprofeni?