Naomba ushauri: unga wa kuchezea usio na chumvi nyingi

Hamjambo wazazi wenzangu. Niko Manyatta, Kisumu, na binti yangu ana mwaka mmoja na nusu. Humkandia unga wa kufinyanga: vikombe 2 vya ngano, kikombe 1 cha chumvi, maji na mafuta kidogo, rangi natoa kwa bitiruti ama manjano. Anaupenda sana, ila kila akibinya kipande kinaishia mdomoni, na chumvi yote hiyo ni hatari kwa mtoto mdogo. Nikiipunguza, kwa joto hili la ziwani unga unachacha upesi na kuota ukungu. (Mama mkwe anasema nimpe udongo tu, eti wao walilelewa hivyo!)

Kuna aliyejaribu unga wa mahindi uliopikwa? Mnauhifadhi vipi bila friji? Kumpa vifuniko vya chupa achezee badala ya unga sitaki, vitamkwama kooni.