Makasha ya nakshi kwenda Ujerumani: nifungeje?

Mwana_Langoni: Assalaam aleikum wakubwa. Niko Amu (mji wa Lamu), tunachonga makasha ya nakshi mimi na ami yangu. Mteja wa Hamburg ameagiza makasha 24, mengi ya mwembe, machache ya mbambakofi. Seremala wa mtaani yuko tayari kunipigia kreti za mbao za mnazi kwa bei ya kutupa. Nifunge hapa hapa, boti hadi Mokowe, kisha lori mpaka Mombasa. Kuna ubaya?

Wakala_Kilindini: Waaleikum salaam. Hizo kreti usizipige kabisa. Mbao ghafi ya kufungia mzigo wa nje lazima ipashwe moto mpaka kiini kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au ifukizwe dawa, halafu igongwe muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo: kisuke cha ngano, herufi KE, namba ya aliyeipasha, na HT ikiwa ni moto. Anayegonga ni mwenye kibali cha KEPHIS tu, shirika la Kenya la afya ya mimea. Bila muhuri, mzigo unaweza kurudishwa, na gharama ni juu yenu. Plaiwudi haihitaji muhuri, lakini ukiikazia kwa vigingi vya mbao ghafi umerudi palepale. Mimi ningevusha makasha kwa magunia tu, kreti zikapigiwe Mombasa.

Fundi_wa_Malindi: Muhuri sawa, magunia sikubali. Kwa kushusha Mokowe na kupandisha lorini, pembe za nakshi ndizo za kwanza kumeguka. Viringisha kila kasha kwa kanga kuukuu, kisha katoni ngumu. Nailoni isiguse mti, itatoa jasho kontenani na misumari ya shaba itaota kijani. Kati ya kifuniko na mdomo wa kasha tia karatasi nene, visije vikasagana.

Mimi lakini naogopa unyevu kuliko hayo yote. Hewa ya Amu ni ya bahari, na nyumba za Ujerumani wakati wa baridi huwashwa mashine za joto, hewa kavu kama ya tanuri. Mwembe ukiondoka na unyevu wa asilimia 18, kifuniko kitapinda hata bawaba ing'oke. Ushushe hadi 10 hivi kabla ya kuunga. Tena yalaze makasha juu ya karatasi nyeupe. Ukiona unga chini ya kasha lolote, humo mna bungua, mdudu anayekula mti, lisitoke.

Mama_Biashara: Mwanangu, bei umetoa ya mpaka wapi? Kama ni FOB Mombasa, yaani gharama zako zinaishia mzigo ukipakiwa melini, iandike kwenye invoisi. Mteja akidhani ni ya mpaka mlangoni kwake, faida yote italiwa na meli. Cheti cha EUR.1, cha kuthibitisha asili ya mzigo ili upate nafuu ya ushuru, kaombe KRA, mamlaka ya mapato. Mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kufanya kazi Julai 1, 2024.

Mwana_Langoni: Shukran mama, ni FOB. Na mbambakofi je?

Wakala_Kilindini: Umo tangu 2023 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Inalenga zaidi magogo, mbao na plaiwudi kuliko samani iliyokamilika, ila waandikie KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia CITES Kenya, upate jibu la maandishi kabla hujalipia meli. Na risiti ya mti usiitupe, wanunuzi wa Ulaya siku hizi wanauliza mti ulikatwa wapi.

Mwana_Langoni: Basi mwembe utatangulia, mbambakofi usubiri jibu. Kipimo cha unyevu nitapata wapi?

Fundi_wa_Malindi: Ninacho. Ukipita Malindi nitakuazima, betri uje nazo mwenyewe.