Mjadala: Tuzamishe meli nyingine Mombasa?

Kuna wenzetu wa utalii wanaotaka meli kuukuu zaidi zizamishwe nje ya mwamba, kama Dania ilivyozamishwa nje ya Bamburi mwaka 2002. Hoja yao: samaki watapata makao, wapiga mbizi watapata pa kwenda, na mvuvi naye atafaidi. Mimi ni mpenzi mkubwa wa picha za chini ya maji, na bado nasema tusubiri kwanza.

Uzuri wa Dania haupingiki. Meli iliyokuwa ikibeba mifugo sasa imelala kwenye kina cha mita 30 hivi, chuma chake kimevaa matumbawe na sifongo. Kina hicho wekundu umeshapotea, kila kitu ni buluu na kijivu, mpaka uwashe taa: sifongo uliyoiona kama jivu inawaka nyekundu mbele ya kamera. Tulia karibu na tundu, samaki mkunga atatoa kichwa. Lakini piga mapezi kwa pupa, vumbi la chini litatimka na picha imeharibika, na muda wako pale ni kama dakika 20 tu.

Sasa hao samaki wametoka wapi? Swali hilo ndilo wenzangu wanaloliruka. Wataalamu wenyewe wangali wanabishana: je, meli iliyozama huongeza samaki, au huwakusanya tu waliokuwa wametawanyika mwambani? Kama inawakusanya, basi tumemrundikia mwenye mshipi samaki aina ya chewa mahali pamoja. Na chewa hukua polepole. Wakubwa wakishavuliwa, pengo lao halizibiki upesi. Wavu ukinasa kwenye chuma nao hukatwa ukaachwa, ukaendelea kuua bila mwenyewe.

Tazameni mbuga yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1986. Ndani hakuvuliwi, na wavuvi hutega malema mpakani makusudi, kwani samaki hutoka wakavuka. Kilicholeta samaki pale ni katazo la kuvua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: isizamishwe meli kabla eneo lake halijafungwa kwa uvuvi, na lisifungwe kabla wavuvi wa BMU (vikundi vya kusimamia fukwe na uvuvi) za karibu hawajakubaliana, kwa maandishi, fungu lao katika ada ya kila mpiga mbizi. Mwenye mtumbwi, kusi ikivuma, hana pengine pa kwenda. Hatuwezi kumpokonya bahari halafu tumwambie ni kwa faida yake. Kusafisha mafuta na rangi zenye sumu kabla meli haijazama, hilo hata si la kujadili.

Limebaki swali la ulinzi: nani atalinda eneo usiku? Mimi naona ni BMU wenyewe, walipwe kwa kazi hiyo. Ndugu zangu wavuvi wa Nyali, Bamburi na Shanzu, mngelikubali kwa malipo gani? Na nyinyi mnaopeleka wageni mbizini, mko tayari kutoa kiasi gani kwa kila kichwa?